Mashine Niliyoijua kwa Chaki

Kilifi, 9 Agosti 1986

Mke wangu Mahfudha,

Nakusalimu. Mimi mzima, ila viatu ulivyonichagulia vimenichuna, nawe uliapa vitaachia.

Jana sisi walimu wa ufundi tulitembezwa kiwandani. Tulipofika kwenye mashine ya kukereza chuma, nikaanza kuwaeleza wenzangu kwa sauti yangu ya darasani. Fundi akanisikiliza, kisha akasema, "Shikamoo mwalimu. Iwashe basi, waone." Kumbe ni Kenga, niliyemsomesha.

Nikatafuta swichi, nisiione. Hata wewe sijakwambia: miaka kumi na miwili naifundisha mashine hiyo kwa kuichora ubaoni, wala sijapata kuigusa. Nikakiri mbele ya wote. Kenga hakucheka. "Nilijua, mwalimu," akasema. "Siku yangu ya kwanza hapa nusura nikatike vidole."

Muhula ujao shule yetu inaletewa mashine kama hiyo, na watoto watanitazama mimi. Basi nimeomba kubaki wiki mbili, Kenga anifundishe. Idi hii sitakuja nyumbani Mambrui.

Najua nilikuahidi. Nuna upendavyo, lakini mama akiuliza, mwambie mwanawe amerudi shule.

Mumeo,
Zubeir