Jeli Iliyofuata Beji Yangu

Sulieti, kwanza jeli moja ya dawa ilisogea, hapa ninapofanya usafi. Nafuta meza ya maabara, nainama, na kipande kinanifuata kwenye kisahani chake kama paka wa mama yako akisikia kopo la nyama!

Daktari Maree, mtafiti mwenye jeli hizo, akaona. "Lupe! Usisogee!"

Nikajua kazi sina.

Kumbe beji yangu ya jina ina sumaku nyuma! Na jeli zake zina vumbi la chuma, huachia dawa zikikaribiwa na sumaku. Nilikuwa nazikamua dawa kila asubuhi, Sulieti!

"Wiki tatu nawagombeza wanafunzi kwa dawa kupungua," akasema huku akicheka hadi machozi, "kumbe mwizi wa dawa ni wewe, bibie!"

Sasa hapa Brisbane naitwa Sumaku.

Ila sikumwambia kwamba niliiona ikisogea tangu siku ya kwanza. Niliogopa kuuliza, mimi niliyeishia darasa la tano.