Mashavu ya Mama

Al Nahda, Dubai

Dada Metrine,

Pole kwa kuwapikia waombolezaji, najua wajomba wetu wanavyokunywa chai. Mimi ni mzima, ila uchovu na kitambi vinashindana.

Bango la mazishi lenye picha ya mama analeta Ronny wa hapa kazini, anayesafiri kuja huko kesho. Limechelewa kwa sababu nililichapisha vipande viwili, na nilipoviunganisha, shavu moja la mama lilikuwa jeusi, lingine jekundu. Wilbard, Mtanzania wa hapa kazini, akacheka: "Kaka, mbona hawa ni mama wawili?" Nikasafisha mashine, nikabadilisha wino, wapi! Kumbe nilitumia roli mbili za turubai la kuchapia, moja nyeupe kuliko nyingine. Na ati mimi ndiye fundi mkuu! Nikarudia vyote kwa roli moja, mashavu yakalingana.

Ndipo Wilbard akauliza, "Ndivyo alivyokuwa?"

Nikalikunja bango. Tangu nije huku nimemwona kwenye simu tu, na sasa sir, bosi wetu, amekataa kuniruhusu nije kumzika.

Wewe uliyemuuguza, litazame kwanza. Kama rangi si yake, nisitiri: litundike juu, mbali na macho ya watu.

Ni mimi kaka yako,
Gerishom