Kiwanda cha Sabina Juu ya Meza

Jumatatu, 3 Juni 1996

Bomba la moshi limesimama. Sabina amemaliza kiwanda. Mwanangu mwenyewe, kwa mikono yake, chumba cha mbele, juu ya meza aliyoacha marehemu baba yake. Sijafua, sijabandika maharage. Naandika kwanza.

Ni kile kile kiwanda cha mafuta ya pamba nilichofanyia kazi miaka kumi na saba. Kikafungwa, kikauzwa, aliyekinunua akakibomoa mpaka msingi. Sasa kipo tena. Matofali yote yamo. Ni maboksi ya viatu, kayachora tofali moja moja kwa kalamu iliyokwisha wino, kisha kapaka udongo mwekundu aliokoroga na gundi. Bati ni mirija ya dawa ya meno. Kaipasua, kaikandamiza kwenye kitana mpaka ikapata mikunjo. Reli za waya zinatoka stesheni, zinakatiza meza, zinaingia uwanjani kwetu kama zamani mabehewa yalivyokuja kupakia mapipa. Kichwa cha treni kinatembea kwa mota ya redio kaseti iliyokufa.

Alikuwa mchoraji ofisi ya reli mpaka walipompunguza. Hakisii kitu, anapima. Kwenye meza ile mtu mzima ana urefu wa punje mbili za mahindi.

Nani mwingine Morogoro ana mtoto wa hivi? Sijamsikia.

Mama Rukia jirani yangu tulichambua mbegu pamoja meza moja. Alikuja kuona. Akahesabu madirisha kwa kidole mpaka akafika letu. "Hapa ndipo uchungu wa Rukia uliponishika, na msimamizi anasema nimalizie gunia." Akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni kaka yangu Anselmi. Ameingia biashara ya mitumba, siku hizi kila mtu ameingia. Anataka chumba cha mbele aweke marobota. "Dada, chumba chenye mlango wa barabarani unakiwekea maboksi? Mwanamke wa miaka ishirini na sita anacheza treni." Kasema atakuja Jumamosi na mkokoteni. Nikamwambia aje, njia ya kurudi nao anaijua.

Sabina alikuwa pale pale. Kaniambia tu, "Mama, bado hakijaisha." Mtoto ana unyenyekevu. Huo hakuutoa kwangu.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda Mkuyuni kuchukua ndizi. Nimewaambia wote, hata wasioniuliza. Muuza nazi mmoja kaniuliza kiwanda cha maboksi kitaajiri panya. Nikamwambia kitaajiri, apeleke barua ya maombi.

Nimekutana na watatu tuliofanya nao kazi. Wanataka kuja kuona. Nimesema nitawapa siku. Waje wote, hata mpishi wa chai. Anselmi akikuta nyumba imejaa watu wazima wamesimama kimya mbele ya meza ile, sijui ataanzia wapi kusema ni mchezo.

Sabina amejifungia chumba cha mbele tangu asubuhi. Chakula nimempelekea mlangoni.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeharibu.

Sabina alikwenda na gari la asubuhi Kingolwira, kupima jukwaa la stesheni. Nikasema leo nipange chumba, wageni wanakuja. Nikaingia. Nikakuta kiwanda kichafu. Kuta zina weusi, bati lina kutu, chini ya madirisha kuna michirizi kama mtu kamwaga chai. Nikajua ni moshi wa jiko langu. Nimeona haya, peke yangu chumbani. Watu waje waseme nyumba ya Mama Sabina ina masizi hata juu ya meza?

Nikachukua kitambaa na maji ya sabuni kidogo. Taratibu, kama namwosha mtoto mchanga. Ukuta hadi ukuta. Bati nikalisugua kwa jivu mpaka likang'aa. Nilikuwa naimba.

Karudi saa tisa. Kasimama mlangoni na kipimo chake mkononi. Nikamwambia angalia nilivyokusaidia.

Kumbe uchafu ule ndio ulikuwa kazi. Kumbe siku mbili alizojifungia alikuwa anakizeesha. Masizi ya sufuria kwa brashi ya nywele mbili. Kutu ya misumari aliyoiloweka kwenye siki tangu Pasaka. "Kilikuwa kipya, mama. Kiwanda chetu hakikuwa kipya hata siku moja." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Rangi ya tofali nayo imetoka sehemu sehemu kwa kitambaa changu. Ukuta wa kusini umevimba.

Mimi mjinga. Naandika hivyo na sifuti.

Ijumaa, 7 Juni

Hajala asubuhi, hajala mchana. Kafunika meza kwa shuka. Jioni kasema, "Mpe mjomba chumba. Nitakwenda naye kuuza nguo Dar."

Anselmi kapita saa kumi na mbili, kasikia, kafurahi kama kapewa mchumba. Kasema mtoto sasa kapata akili.

Nina hasira na yeye. Na nafsi yangu pia. Yangu ndiyo kubwa.

Jumamosi, 8 Juni

Kaja kweli. Marobota manne, mkokoteni, vijana wawili wa kusukuma. Nikavuta kigoda nikakaa katikati ya mlango wa mbele. Nina mwili, mlango umejaa.

"Dada, ondoka. Mwenyewe amekubali."

Nikamwambia mwenyewe amekubali kwa kosa langu mimi, na kosa langu silipi kwa chumba chake.

"Mimi ni mjomba wake. Nina neno juu yake."

Hapo nilikuwa namsubiri. Nikasema ndiyo, mjomba, neno unalo. Kwenye posa yake utakaa mbele na mimi nitakaa nyuma yako. Lakini kiwanja hiki cha Bigwa kilikuwa cha bibi, kikaja kwa mama, kikaja kwangu, kitakwenda kwa Sabina. Sisi Waluguru. Ardhi inafuata tumbo. Wanao wewe wana ardhi yao kwa mama yao Matombo, na wewe mwenyewe unalima huko kama mkwe. Sijakwenda kule kuwekea mtu mizigo.

Vijana wa mkokoteni walitazama chini. Mmoja alicheka puani.

Anselmi kasema nimemwaibisha mbele ya watu. Nimemwaibisha, ndiyo. Kasema chumba kitaliwa na mchwa pamoja na maboksi yake. Nikamwambia mchwa wakija nitawaonyesha reli inapopita. Kageuza mkokoteni. Kilima kile na marobota manne, nimemhurumia kidogo. Kidogo tu.

Nilipoingia ndani Sabina alikuwa kakaa nyuma ya pazia. Alisikia yote. Na leo kala.

Jumapili, 9 Juni

Misa ya kwanza. Nimerudi, sikubadili nguo. Nikachukua sufuria la kupikia pombe, lile lisilosuguliwa kamwe, nikakwangua masizi kwenye kisosi. Nikatoa shuka mezani. Nikaanza mwenyewe kwa kidole.

Sijui kuchora. Darasa la nne, la tano sikumaliza. Lakini kiwanda kile nakijua kuliko kitanda changu. Mwanangu alikichora kwa picha na kwa kupima msingi uliobaki. Mimi nilikaa ndani.

Nikaweka weusi juu ya dirisha la chumba cha moto, upande wa kushoto tu, kwa sababu upepo wa mlimani uliusukuma moshi huko siku zote. Nikaweka weupe wa chumvi chini ya ukuta wa tangi, kwa unga wa muhogo. Pale mlango wa kupakia kona zilikuwa zimeliwa, kila behewa likija mapipa yalizigonga. Nikazimega kwa ukucha.

Nikasikia Sabina yuko nyuma yangu. Sijui tangu saa ngapi.

"Hapo ulipovimba palikuwa na nini?"

Ukuta wa kusini. Nikamwambia wakati wa chai tulikaa pale wanawake wote, tumeegemea. Nguo zetu zilikuwa zimelowa mafuta. Miaka na miaka. Matofali yale yaling'aa, meusi, laini kama kiti cha zamani, mstari mmoja usawa wa mabega. Juu yake tofali kavu, chini yake kavu.

Kauliza mabega usawa gani. Nikakaa sakafuni nikaegemea ukuta wa chumba, kama vile. Kanipima. Kweli, kachukua kipimo akanipima, kisha kahesabu kwenye karatasi, kagawanya. Kachovya pamba kwenye mafuta ya kula, kapitisha mstari mwembamba juu ya sehemu iliyovimba. Uvimbe ukawa ndio mahali migongo ilipobonyeza.

"Hili nisingelijua," kasema. "Hakuna picha iliyolionyesha."

Nisingelijua, kasema, mchoraji wa ofisi ya reli. Kwangu mimi.

Jumatatu, 10 Juni

Kazi. Ananiuliza, najibu. Bati lilitoboka wapi. Mlinzi alikuwa anatundika wapi baiskeli. Mama Rukia kaitwa kuamua ubishi wa bomba, lilikuwa na mipasuko miwili au mitatu. Mitatu, alisema, na akaapa. Kaondoka na masizi shavuni, sikumwambia.

Sabina kanikataza kitambaa. Kakifungia sandukuni. Ni haki yake.

Jumanne, 11 Juni

Nimemtuma mtu kwa Anselmi na mkungu wa ndizi. Kaupokea. Kauliza kama yeye naye ameitwa kuja kuona. Nimejibu mjomba haitwi, mjomba anatarajiwa.

Jumatano, 12 Juni

Mvua ndogo ya mlimani. Sabina kawasha treni alasiri. Mabehewa mawili yameingia uwanjani taratibu, yamesimama mbele ya mlango wa kupakia wenye kona zilizomegeka. Yeye kakaa kwenye kigoda, mimi sakafuni.

Kiwanda kichafu. Kizuri sana.

Nikamuuliza sasa kimekwisha? Kasema kimekwisha, niwape watu siku.

Nimewapelekea habari wote, Mkuyuni, Mikese, na hapa mtaani. Ni Jumamosi, tarehe kumi na tano, saa tisa.