Gunia la shemeji haliulizwi

Kisangani, tarehe 9 Machi 2025

Yaya Laurette, dada yangu mpendwa,

Huku sote tu wazima, na mama amenishonea sare mpya.

Mnunuzi wa kakao wa Ubelgiji alimtumia Papa mkataba, nami nikamsomea. Sheria yao inakataza kakao ya msitu uliokatwa, kwa hiyo ni lazima kampuni yetu ithibitishe kila gunia limetoka shamba gani. Lakini kakao yetu huletwa na wajomba wa Banalia, na unajua kwetu kumuuliza shemeji gunia lake limetoka wapi ni kumwita mwizi.

Tonton Arsène, mshirika wa Papa, alicheka, akamhimiza atie sahihi. "Weka sinyatire tu! Muzungu gani atakuja kuhesabu miti ya mashemeji yako?"

"Alors, jina ya nani iko hapa chini? Kama ni uongo, ni mimi nitaenda tribinali," Papa akamjibu, maana hakutaka kufikishwa mahakamani.

Papa akamwandikia mnunuzi ukweli, kwamba bado hatujui kila gunia limetoka shamba gani. Siku kumi na moja tulingoja, mama akisali. Jana mnunuzi alikubali kusubiri hadi mashamba yapimwe.

Kesho tunakwenda Banalia. Mimi ndiye nitakayewauliza wajomba, maana Papa anasema mtoto wa dada yao akiuliza, si tusi.

Niombee sauti isitetemeke.

Mdogo wako,
Benie