Mluzi Niliokunyima, Paskalina

Binti yangu Paskalina,

Mimi baba yako nina miaka themanini na mbili. Nimezika wake wawili, na chui aliyenirarua bega nimemzidi umri. Mbwa kumi na saba niliowafundisha wamekufa nikiwaona. Hapa kijijini Buger hakuna aliyefundisha mbwa kama mimi. Ila wewe kunitangulia, hilo sikulitegemea.

Unakumbuka? Ulikuwa unanishikia kipande cha ngozi ya nguruwe pori, mbwa wananusa, nawaachia shambani. Nikipiga mluzi wanarudi wote. Mwaka fulani mbwa mmoja akamrarua nguruwe wa kufugwa wa katekista, maana harufu ni ile ile. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Ndiyo maana nilikuelewa upesi ulipopiga simu kutoka ng'ambo, ulikokuwa unauguza watu. Doa jeusi la kisiginoni lilishakuwa saratani ya ngozi, imepanda mpaka mapafuni. Ukasema, "Baba, wanatoa askari wa damu yangu, wanawanusisha ugonjwa huko maabara, halafu wananirudishia. Ni majaribio bado. Ni kama mbwa wako."

Nikajibu, "Basi wamejifunza kwangu."

Uvimbe ulinywea kweli. Lakini askari wale hawakuacha kuwinda. Walifuata weusi wa mwili wako popote ulipo, wakaula ukabaki mweupe: nyusi, mashavu, macho, mpaka ndani ya masikio. Uliposhuka kwenye gari hapa nyumbani nikakuuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Hukusikia. Bosi, mbwa asiyemkubali mtu, akakunusa mguu, akalala chini. Mimi baba yako nilikujua kwa kuambiwa na mbwa.

Uvimbe uliporudi ulinishika mkono. Ukasema kwa ile sauti kubwa ya asiyesikia, "Baba, wapigie mluzi warudi. Wameacha uvimbe, wananila mimi."

Mluzi wangu haujawahi kushindwa. Nikaogopa ushindwe kwako. Nikatoka kwenda kuangalia mahindi.

Tangu tukuzike Bosi haendi shambani. Kila adhuhuri anasimama kaburini kwako, anabweka kuelekea chini, kama anavyobwekea mbwa wageni. Jana nililala kifudifudi, nikaweka sikio kwenye udongo. Nikasikia mbio. Nyayo ndogo ndogo, nyingi, kama juu ya majani makavu.

Nikatia vidole mdomoni. Meno yamebaki matatu, lakini mluzi ulitoka. Bosi akanyamaza. Na chini kukanyamaza.

Laiti ningepiga siku ile ulipoomba, mwanangu. Sasa lala.

Wakisema mzee amechanganyikiwa, wamuulize katekista, alikuwa anapalilia hapo jirani, akasimamisha jembe. Na wamtazame Bosi. Leo ameamkia shambani.

Mimi baba yako