Maji ya Bonde Kavu

Wittelsbronn, 15 Machi 1988

Imetoka! Anselm, Chemchemi ya Njaa imetoka! Maji, mwanangu, maji ya kweli, yanabubujika pale pale ambapo wiki iliyopita kondoo walikuwa wanakula nyasi, na sasa yanapita Bonde Kavu lote mpaka kwenye kinu cha kusagia nafaka. Naandika hata mabuti sijavua. Sakafu yote ni matope na sijali.

Haya, sasa nikusalimu kama mtu mwenye adabu. Hujambo mwanangu? Roswitha hajambo? Na mjukuu wangu Franziska, kile kikohozi kimeisha? Mpeni asali, siyo zile dawa za mjini. Sisi wazima. Goti la baba yako linalalamika kila theluji ikiyeyuka, lakini kula anakula.

Wa kwanza kuiona ni mimi. Apollonia wa duka la mkate anawaambia watu ni yeye, lakini saa hizo alikuwa bado ana rola za nywele kichwani. Nilikuwa napita na ndoo nikasikia kitu kinaguna chini ya miguu, kama sufuria kubwa inayotaka kuchemka. Nikasimama. Nyasi zikatingishika, ardhi ikafunguka mahali kama kumi hivi, kila tundu si kubwa kuliko ngumi, na maji yakapanda. Safi, Anselm! Unaona kila jani la nyasi chini yake, yote yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Niliweka ndoo chini nikavua kitambaa kichwani, kama niko kanisani. Miaka thelathini na miwili nimeolewa hapa, na hii ni mara ya pili tu.

Wazee wanasema ikitoka, mwaka huo ni wa njaa. Njaa ije. Nina mapipa mawili ya kabichi ya siki.

Ila baba yako amekataa kwenda. Amesema, "Chemchemi hutazamwa kutoka Jabali la Kunguru. Jabali limefungwa. Nani kalifunga? Muulize mwanao." Mwanao, eti, kama nilikuzaa peke yangu. Tangu ulipokuja na kibao cha ofisi yenu ya kulinda wanyama, chenye saini yako, ukakipigilia kwenye njia ya jabali aliyoichonga kwa mikono yake, na yeye akaking'oa kabla hata hujafika kituo cha basi, hii ni miaka miwili hamjasemeshana. Rangi yake ya kuwekea alama njia ameifungia ghalani. Chama cha watembeaji wamemwomba aonyeshe wageni njia ya chemchemi. Hataki.

Sasa nakuomba, wewe ambaye saini yako inafunga milima: fungua jabali siku moja tu. Mje na familia, msimame pale wewe na baba yako.

Mama yako

*

Stuttgart, 22 Machi 1988

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini mgongo wako haujambo, maana najua una mgongo ingawa umeandika habari za goti la baba tu. Sisi wazima. Kikohozi cha Franziska kimeisha, kwa asali.

Barua yako niliisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, ofisi nzima ikisikiliza. Lakini jabali siwezi kulifungua, Mama, hata kwa saa moja. Wale ndege, kozi, wameshataga pale mwambani. Mtu akisimama juu yao wanaruka, mayai yanapoa, basi. Katika milima yetu yote wamebaki wachache, na pale kwetu mwaka jana hakikuanguliwa hata kifaranga kimoja. Nikifungua kwa ajili ya baba yangu, nitamfungia nani?

Baba nimemwandikia mara nne. Hajibu. Nakumbuka ile mara ya kwanza chemchemi ilipotoka, nilikuwa na miaka saba. Alinibeba mabegani mpaka juu ya jabali, akanishika vifundo vya miguu, akasema, "Tazama sana, Anselm. Unaweza ukazeeka kabla hujaiona tena." Chini bonde zima lilikuwa linang'aa. Mpaka leo, nikiulizwa kwa nini nilisomea milima na wanyama, jibu langu ni hilo.

Mwaka ule ilikauka baada ya wiki nane. Nahesabu.

Mwanao,
Anselm

*

Wittelsbronn, Jumatatu ya Pasaka, 4 Aprili 1988

Mwanangu,

Pasaka njema. Mayai ya Franziska nimeyapaka rangi kwa maganda ya vitunguu, yako kwenye kifurushi, na kama moja limevunjika ni posta, siyo mimi. Sisi hatujambo. Kwenu je?

Umeninyima, nimeumia, nimepona. Nilimwambia Apollonia, "Mwanangu hata mimi mama yake hanipendelei, ndiyo maana anaaminiwa." Akarudi kwenye mikate yake. Mwanawe anauza matrekta.

Sasa sikia. Kwa kuwa baba yako hataki, nilichukua ufunguo wa ghala, nikatoa rangi ya bluu, nikaweka alama mwenyewe. Pembetatu safi, ishirini na sita! Nilianzia chemchemini nikawa narudi nyumbani huku napaka, kila mti, kila jiwe. Nikalala mtu mwenye furaha.

Ijumaa Kuu wageni wakaanza kumiminika uani kwetu. Kumi, ishirini, na mikoba yao na fimbo zao. Mmoja kutoka Ulm anamuuliza baba yako kwa heshima zote, "Samahani mzee, chemchemi iko nyuma ya banda la kuku?" Ndipo nikajua. Ncha ya pembetatu ndiyo inayoonyesha mgeni aende wapi, na ncha zangu zote ishirini na sita zinaonyesha nyumbani kwangu! Niliwaambia ndivyo ilivyopangwa, nikawapa keki ya tufaha.

Baba yako hakucheka. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Miaka thelathini mimi ni mlinzi wa njia," anasema, "mgeni hajawahi kupotea hata mmoja. Leo wanatafuta chemchemi kwenye kuku." Akachukua kisu na fimbo yake, akakwangua zote na kupaka upya, goti hilo hilo. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Nikamuuliza, umeiona? Akasema, "Kutoka chini unaona maji tu. Huoni bonde limepata uhai. Inatakiwa mahali pa kuitazamia."

Si nilikusomesha? Tafuta mahali.

Mama yako

*

Stuttgart, 11 Aprili 1988

Mama mpenzi,

Hamjambo? Sisi wazima. Franziska amekula mayai yote, na lililovunjika pia. Ile habari ya kuku imenifanya nicheke mpaka Roswitha akaja kuniangalia.

Ndani ya barua hii kuna ramani. Nimeichora usiku, siku tatu mfululizo. Mnakumbuka Bega la Kondoo, ule mteremko ng'ambo ya bonde, ambao siku hizi umefunikwa na miiba? Hakuna anayepanda huko tangu mchungaji wa mwisho alipostaafu. Kwa vipimo vyangu, pakisafishwa, mtu ataona maji yote toka tundu la kwanza mpaka kinu. Na mbele yake, uso kwa uso, ataliona Jabali la Kunguru. Kozi wako mbali, hawatasumbuka. Kwa darubini ataona mpaka kiota.

Lakini sijafika huko tangu utoto. Ramani haioni. Anayeweza kujua kama ni kweli ni mtu mmoja tu.

Usimwambie imetoka kwangu.

Mwanao,
Anselm

*

Wittelsbronn, 27 Aprili 1988

Mwanangu mpenzi,

Nisamehe kwa kukaa kimya, najua umekuwa ukichungulia sanduku la barua. Hamjambo wote? Mimi mzima kuliko mzima.

Sikumwambia kitu. Niliweka ramani mezani chini ya sahani ya keki, pembe moja imetokeza. Akaivuta, akasoma vipimo. Akasema, "Saba hii yenye mkia naijua ni ya nani." Akala keki. Akaomba kipande kingine. Kesho yake sikumkuta kitandani, wala msumeno haukuwa ghalani.

Siku tisa, Anselm. Anatoka asubuhi na mkate na soseji, anarudi ana mikwaruzo kama amepigana na paka. Simuulizi, hasemi. Siku ya kumi akaniambia, "Zenta, vaa viatu vizuri."

Tukapanda mpaka Bega la Kondoo. Bonde lote, ambalo kila siku ya maisha yangu ni kavu, lilikuwa na mto. Mto mzima, unapinda huku, unapinda kule, maua ya njano yamesimama ndani ya maji, mawingu yanapita chini yetu. Hakuna sauti. Na huu mto hauna jina kwa sababu haupo! Nikamshika baba yako mkono. Hatujashikana mikono hadharani tangu harusi ya Roswitha na wewe.

Kisha akanipa darubini, akanigeuza mabega. "Pale. Chini ya ule ufa." Nikaona mama kozi amesimama, kifua chenye mistari, na miguuni pake mipira mitatu ya pamba inafungua midomo. Watatu! Yule mama anawatazama kama mimi ninavyokutazama wewe, amejaa majivuno hana pa kuyaweka.

Baba yako akasema kwa sauti ndogo, "Miaka ishirini nilisimama juu ya vichwa vyao, na buti, na wageni, na soseji. Sikujua kama wapo."

Akachukua tena darubini.

Mama yako

*

Wittelsbronn, 4 Mei 1988

Anselm, amekirudisha!

Kibao chako! Hujambo mwanangu, hamjambo nyote, nitauliza vizuri mkifika. Asubuhi nimemkuta ghalani, amekitoa chini ya majani makavu alipokificha miaka miwili, anakipaka mafuta. Nikasema, Gebhard, unafanya nini? "Mwanangu," anasema, umeona, leo ni wake, "mwanangu alikipigilia upande. Hakutumia pimamaji. Watu watadhani hakulelewa." Amekwenda nacho mpaka njia ya jabali akakipigilia kwa misumari minne, na kimenyooka, nimekiangalia mwenyewe. Chini yake ameweka pembetatu ya bluu, ncha inaelekea Bega la Kondoo.

Maji yameanza kushuka. Kila asubuhi anachomeka kijiti, na anasema yatadumu mpaka sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, labda siku moja zaidi. Kwa hiyo hiyo ndiyo siku ya kufungua njia mpya. Bendi ya tarumbeta inakuja, Apollonia anaoka mikate (nimemruhusu), na kijiji kizima kimeambiwa njia ile imechorwa na nani.

Nilimuuliza baba yako nikuandikie nini kutoka kwake. Amemaliza kahawa kwanza. Amesema: "Mwambie amlete mtoto. Goti halitaki, lakini mabega bado yapo."

Basi tunawangoja wewe, Roswitha na Franziska penye kibao chako, saa nne asubuhi, Alhamisi tarehe kumi na mbili Mei.

Mama yako