Bodi Iliyombana Rehema

Jumatatu, 3 Machi
Msasa tena. Vidole vimekufa ganzi. Kalibu ya mkia bado ina mawimbi, lazima isuguliwe hadi iwe laini kama kioo. Kwenye kompyuta bodi ya gari niliyoichora inapendeza: pua duara, mkia mwembamba, tone la maji lililolazwa. Paa nimelishusha hadi karibu na helmeti ya dereva. Kila nikilishusha, gari linapunguza kunywa mafuta, na katika mashindano ya Aprili mshindi ni anayetumia kidogo kuliko wote. Erik, kiongozi wa timu yetu ya wanafunzi, alinisifu mbele ya wote. Nilijiona mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Tumetandaza faibaglasi na kupaka gundi. Nimerudi nyumbani, Hopkins, nanuka. Mama akafungua madirisha na baridi yote hii. Akauliza kama hilo gari litabeba mtu kweli. Nikamwambia litambeba Rehema. Mtanzania mwenzetu, rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza. Anajua ku-drive kutushinda wote, tena mwepesi wa kilo.

Alhamisi, 13 Machi
Bodi imetoka kwenye kalibu. Nzima. Nyeupe. Niliipapasa kama mtoto mchanga. Rehema akaingia, tukafunga paa. Alipotoka alijifunika koti na hakutaka kuingia tena. Alisema ni baridi. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Jumapili, 16 Machi
Siku mbaya. Jaribio la dharura: dereva afungue paa na atoke mwenyewe, haraka, kana kwamba gari limeshika moto. Asipoweza, haturuhusiwi kushindana. Rehema hakutoka. Tulimsikia akipiga bodi kwa viganja, kisha akiita jina langu. Nilifungua mimi. Alikuwa analia, pumzi haziji. Alipoondoka Erik alisema, kwa upole, tutafute dereva mwingine. Wote wakanitazama. Nikainama kufuta alama za viganja kwenye bodi.
Nimemkasirikia Rehema. Naandika kwa kuwa ni kweli. Kazi yote ile, halafu yeye anaogopa.

Jumatatu, 17 Machi
Rehema hapokei simu. Asubuhi nilimwomba Erik anifungie mimi humo ndani. Nililala chali. Paa puani. Pumzi yangu ikanirudia usoni. Kitasa nakijua, nilikiweka mwenyewe, lakini mkono haukufika. Kiwiko kiligota ubavuni mwa bodi. Nikagonga. Erik alifungua papo hapo, ila niliona kama amechelewa sana.
Rehema si mwoga. Bodi ndiyo mbaya, na niliichora mimi.
Jioni nilimfuata kwao, mji wa Savage. Nikamweleza yote, hata hasira yangu. Kisha akasema, “Gari nalipenda. Nataka tu nikiwa ndani nione barabara, na nikitaka kutoka nitoke.”
“Nitalikata paa,” nikamwambia.
“Na ushindi wenu?”
Mama yake akatuita tukale.

Jumamosi, 22 Machi
Nimekata. Msumeno niliushika mwenyewe, sikutaka mwingine aiguse bodi. Paa jipya limeinuka, kioo kimepanuka, kitasa kimeshuka karibu na paja. Kompyuta inasema upepo sasa unavurugika nyuma ya kichwa cha dereva. Erik alikasirika, akasema tumetupa nafasi yetu. Huenda ni kweli. Imeniuma kuliko nilivyotarajia. Rehema alikuja bila kuitwa, akashika upande wa pili wa paa nikisugua.

Jumamosi, 12 Aprili
Mashindano yamekwisha. Hatukushinda, tumeangukia katikati. Kwenye jaribio la dharura Rehema alikuwa nje kabla msimamizi hajasogea. Mizunguko yote aliimaliza. Erik alimpelekea maji, akamwomba radhi kwa sauti ndogo, na mimi nikajifanya nafunga kamba za trela.
Sasa tuko njiani kurudi. Erik anaendesha, redio imezimwa. Mashamba bado ya kahawia, theluji imebaki mitaroni tu. Rehema amelala, kichwa chake begani kwangu. Naandika polepole, nisimwamshe.